Mama Mkwe, Mwezi na Kisanduku cha Filta

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana najua safu yako ni ya ndoa na mapenzi na watu waliokimbiana, na mimi mume wangu hajanikimbia, yupo hapa anakula, tatizo langu ni mama yake, na kabla hujashusha pumzi ukasema haya, wakwe tena, ngoja nikueleze kwamba mimi mama mkwe wangu nampenda, anataka kuondoka, na nadhani nimemfukuza mwenyewe kwa vioo vya rangi.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, cherehani yangu iko dirishani ghorofa ya mwisho na juu yetu kuna paa la zege tunapoanika nguo. Mume wangu anatengeneza mafriji. Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa masufuria ya kubebwa na watu wawili na sauti ya kuita bweni zima kwa mara moja, na alipostaafu akaja kukaa kwetu, na Shangazi, yule mama akanyamaza. Hakununa, hapana, alikuwa mpole mno, anakunja nguo za wateja, ananichambulia vifungo, ananiambia asante mwanangu kwa kila kitu, na hapo ndipo nilipojua mambo hayako sawa, kwa sababu mtu aliyezoea kuamuru jiko zima akianza kukushukuru kwa glasi ya maji ujue kuna kitu ndani yake kimezimika.

Sasa, mteja mmoja wa mume wangu alikuwa anahama, mizigo ikamzidi, akamwachia darubini, si kubwa, mdomo wake wa mbele ni upana wa kikombe cha chai, ina miguu mitatu na mmoja umefungwa kwa gundi. Jioni moja mwezi ukiwa nusu tukaipandisha paani, tukawa tunabishana mimi na mume wangu inaelekezwaje, mama akaja kuanua nguo, nikamwambia mama hebu chungulia hapa, akaweka kapu chini, akainama, akasogeza jicho mpaka kope zikagusa kioo, halafu akasema, "Huyu aliyepika hapa hakukoroga."

Tukamuuliza, una maana gani mama? Akasema, "Hamuoni hayo mashimo? Huu ni uji umeachwa unatokota bila mwiko. Mapovu yamepasuka, yameacha alama. Mimi ningemfukuza kazi." Na akacheka, Shangazi, tangu aje kwetu sikuwahi kumsikia akicheka vile, jirani wa chini akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna sherehe gani. Tangu siku ile yeye ndiye wa kwanza kupanda ngazi jua likizama, yeye ndiye anatupanga, wewe shika huo mguu mbovu, wewe toa hilo shuka linanizuia, mpaka nyumba ikabadilika, nikaanza kukaripiwa kwa chumvi, na nakwambia kweli nilikaripiwa nikafurahi.

Basi mwezi ulipokaribia kujaa nikaona mama akichungulia jicho la kulia linajaa machozi, anapangusa kwa pindo la mtandio, anarudi, linajaa tena. Nikasema mwanga unamuumiza huyu, na jambo lile nikalivalia njuga. Nikaenda dukani kutafuta filta ya mwezi, vile vioo vidogo vya duara vinavyokazwa kwenye kilenzi cha kuchungulia, nikaenda kununua kimoja nikarudi na kisanduku, maana muuzaji alikifungua mbele yangu na vioo vimejipanga, chekundu, cha njano, cha kijani, cha buluu, cha zambarau, cha kijivu, na kimoja cheusi kabisa kilichoandikwa jua, na mimi ukinionyesha rangi zimepangwa ndani ya kisanduku umenimaliza, hata nyuzi ninanunua hivyo hivyo.

Na nikazitumia kama ninavyotumia nyuzi, kitambaa chekundu uzi mwekundu. Sayari ya Mirihi ni nyekundu, nikaweka nyekundu. Zohali ina unjano, nikaweka njano. Mshtarii ina ile mikanda ya kahawia ambayo mume wangu anaapa aliiona kabla sijanunua chochote, nikakaza nyekundu juu ya njano ili nipate kahawia yenyewe, nikajisifu moyoni kwa akili hiyo. Na mwezi nikauanzishia zambarau kwa sababu ni rangi ya kupendeza. Mama anainama, anasema, "Naona doa." Namwambia ngoja mama, nafungua, nakaza kingine. "Sasa naona doa la kijani." Ngoja mama, hiki ndicho chenyewe. Na kila nikifungua na kukaza darubini inatikisika, mwezi unatoka kwenye kioo, tunaanza kuutafuta upya, nikiupata nakumbuka sijajaribu buluu. Jioni moja mama akasema magoti yanamuuma. Iliyofuata akasema ana usingizi, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama.

Juzi nikamsikia kwenye simu na wifi yangu, anamwambia, "Njoo unichukue Jumamosi ya wiki ijayo, nikakae kwako sasa." Mume wangu anasema mwache mama akapumzike kwa binti yake. Wifi yangu sina ugomvi naye, mtu mzuri, lakini anaishi chini kabisa, katikati ya maghala mawili, mbingu yake yote haizidi upana wa mlango, na mama akienda kule najua atarudi kuwa yule wa asante mwanangu. Nimelikoroga na sijui nitalinywaje. Nimeona dukani kuna kisanduku kingine kikubwa zaidi, kina rangi mara mbili ya hiki, je nikinunue, huenda inayofaa imo humo? Au nijaribu kile cheusi cha jua, hatujakigusa bado, nilikuwa nimekiweka akiba nimfurahishe nacho mchana mmoja kabla hajaondoka? Nisaidie, Shangazi, bobini imeisha uzi na sina hata moyo wa kuijaza.

Wako,
Fundi wa Ghorofa ya Mwisho

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Fundi,

Kabla ya salamu: kile kioo cheusi kilichoandikwa jua, weka gazeti chini, nenda kakitoe kwenye kisanduku, ukipige nyundo, ukitupe. Nasubiri. Kioo kile kinakaa nyuma, karibu na jicho, mahali ambapo darubini imeshalikusanya jua na kulibana likawa moto. Kinachemka, kinapasuka, na jicho lililo nyuma yake halipati hata nafasi ya kupepesa. Filta ya jua ya kuaminika hufunika mdomo wa mbele, jua lichujwe kabla halijaingia ndani. Huna hiyo, kwa hiyo mchana darubini yako ilale na ifunikwe. Ulitaka kumfurahisha mkweo, na nusura umkabidhi kwa wifi yako akiwa ameshikwa mkono kama kipofu. Nimemaliza kugomba juu ya hilo. Sasa, hujambo?

Umenifurahisha, mtoto wewe. Tangu nianze safu hii barua za wakwe zinanijia kwa magunia, na zote zinauliza swali moja, namna ya kumwondoa. Yako ni ya kwanza kuuliza namna ya kumbakiza. Niliisoma kwa sauti hapa ofisini, mpaka mhariri, mtu asiyejua kutabasamu, akaomba nirudie pale pa uji.

Na una bahati, kwa sababu mimi nimeolewa na mtu wa darubini. Mwanzoni mwa ndoa, nilipomwona kila magharibi anatoka na koti, nilidhani ana mwanamke. Nikamfuata. Kumbe ana Zohali. Tangu hapo nimejua habari za filta kuliko nilivyowahi kutaka kujua, kwa hiyo nisikilize.

Filta haiongezi kitu. Ni chujio la chai: linazuia majani, halitii sukari. Kila kioo unachokaza kinapunguza mwanga, na mdomo wa darubini yako ni kikombe, mwanga unaoingia humo ni wa kuhesabika. Wewe ukaziba kwa nyekundu nzito, ukaongeza njano juu yake, kisha unamuuliza mama wa watu anaona nini. Anaona doa. Angeona nini tena? Nyekundu nzito na zambarau ni za wenye darubini za mabomba makubwa, zifungie mpaka utakapopata la kwako. Mirihi ikiwa karibu na inang'aa, ipe njano hafifu, inatosha kuonyesha mabaka yake meusi. Na Zohali usiiguse. Itazame uchi kwanza, pete zile hazihitaji rembo la mtu, kizuri chajiuza.

Mshtarii sasa. Hapa ndipo uliponishangaza, kwa sababu jibu unalo kwenye droo ya cherehani. Mteja akikuletea suruali ya kahawia imechanika gotini, unaishona kwa uzi gani? Wa kahawia, ili mshono usionekane. Ndivyo ulivyoifanyia Mshtarii. Ulichukua mikanda yake ya kahawia ukaitafutia rangi inayofanana nayo, ikafichika ndani yake. Ukitaka mshono uonekane, ule wa urembo mfukoni, unafanyaje? Unachukua uzi unaopingana na kitambaa. Basi kaza ile buluu, kama si nzito ya rangi ya wino. Ile mikanda itakolea na sehemu nyeupe zitabaki zinang'aa. Usitegemee miujiza, itakuwa mistari miwili myembamba juu ya kiduara kidogo, lakini ni mistari ya kweli na mkweo ataiona.

Na mwezi: kijivu. Kile kioo ulichokipita kwa sababu hakina rangi ya kupendeza ndicho ulichotumwa dukani. Kinapunguza ukali bila kupaka mwezi rangi. Kitumie ukikaribia kujaa. Ukiwa nusu unaweza hata usiweke kitu, chungulia tu pale mwanga unapokutana na giza, ndipo mashimo yanapotoa vivuli virefu. Na kama bado unamchoma, acha taa ya ngazi iwake. Jicho likiwa limezoea taa mwezi hauliwashi, na haikugharimu chochote. Halafu usiogope, mwezi mkali unakera jicho, hauliharibu. Kisanduku kile kikubwa kiache dukani kilipo. Mchagua nazi hupata koroma, na wewe umeshachagua vya kutosha.

Hayo ni ya filta, na kama shida ingekuwa filta ningeishia hapa. Hebu rudia kuisoma barua yako uone neno gani unalomwambia mama kila akiinama. Ngoja mama. Ngoja mama. Yule mwanamke ameongoza jiko maisha yake yote, amestaafu, amekaa kwako akichambua vifungo, siku moja akapata jiko jipya huko juu, kubwa kuliko yote, na wewe ukawa unamfunulia sufuria kila akiliinamia. Muulize mpishi yeyote kama kuna kitu anachokichukia zaidi ya hicho. Ulitaka aone vizuri zaidi, najua, lakini hukumwacha aone. Na yale machozi, uliwahi kumuuliza ni ya nini? Mimi nina mashaka kama yalikuwa ya mwanga. Mtu huweza kulia kwa kuona kitu kizuri baada ya muda mrefu wa kutokuona. Asiyeuliza hana ajifunzalo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hajapanda ngazi, filta iwe imeshakazwa, darubini iwe imeshaelekezwa, kisha toa mikono yako uiweke mfukoni, na ikitaka kutoka ikalie. Mletee kiti, magoti yale ni ya kweli hata kama yalikuwa kisingizio. Kisha mkabidhi kisanduku chote, kikae chumbani kwake, yeye ndiye aseme weka hiki, toa kile. Na kabla ya hiyo Jumamosi mwambie kwa mdomo wako, si kwa chai ya ziada wala kwa kumfulia mtandio, mwambie, mama, usiondoke. Mumeo naye asisimame katikati akisema mwache akapumzike. Watu hawachoshwi na kupendwa, wanachoshwa na kukisia.

Shangazi

Wasomaji wangu, kwa kuwa wifi alikuwa njiani, jibu hili nilimtumia Fundi kwa simu kabla halijachapwa. Jumatatu, ukurasa ukiwa unapangwa, ukanijia ujumbe kutoka namba ile ile, lakini mwandishi ni mwingine. Nimeubana hapa chini kwa lazima, na mhariri amekubali kuondoa tangazo la magodoro.

Shangazi wa gazeti, mimi ndiye mama mkwe. Mkamwana wangu amenisomea jibu lako lote, na sasa naandika mwenyewe, nisamehe vidole, vimezoea mwiko.

Nakushukuru lakini nakusahihisha. Machozi yale yalikuwa ya mwanga. Jicho langu la kulia limekula moshi wa kuni tangu ujana, likimulikwa linatoa maji, na mtoto aliona sawasawa. Kioo cha kijivu kimenifaa sana, sasa natazama mwezi uliojaa bila kupangusa. Msinitungie majonzi, tafadhali.

Lakini hilo la ngoja mama umelishika kwa mkia wake. Mimi sikuwa nimekasirika. Kila nikiinama naambiwa ngoja, nikainuka, nikainama, nikaambiwa ngoja, mwisho nikajiambia, huyu binti ana adabu, hawezi kuniambia mama umetosha, ndiyo namna yake ya kulisema. Nikaona niondoke kabla hajalazimika kulisema wazi. Yeye anadhani amenifukuza, mimi nadhani nimemchosha, na sote tunapishana ngazini na kapu la nguo tukisalimiana vizuri.

Ijumaa nilikuwa napanga mkoba. Akaja mlangoni akasema kitu sikukielewa, maana alikuwa ametoka kwenye cherehani na pini amezibana mdomoni. Nikamwambia toa pini useme. Akazitoa moja moja akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake, akasema, "Mama, usiondoke." Nikamwambia rudia. Nilikuwa nimesikia vizuri, nilitaka tu kusikia tena.

Binti yangu alikuja na gari Jumamosi kama alivyoahidi. Nilimwambia kabla ya mizigo apande kwanza paani. Nikakaa kwenye kiti changu, nikaagiza, wewe leta buluu, wewe shika mguu mbovu, nikaikamata Mshtarii, na ile mikanda miwili ikajitokeza, myembamba, imenyooka, kama mtu amepitisha uzi. Nikampisha binti yangu. Alitazama sana. Kisha akauliza, "Mama, kwangu mbona hii haionekani?" Nikamwambia kwako kuna ghala. Akalala hapa hapa, asubuhi akarudi na gari tupu, na amesema wiki hii anakuja na mumewe.

Kisanduku kinakaa chini ya mto wangu. Anayetaka filta ananiomba. Jana mkamwana wangu alijisahau, nikiwa nimeinama kwenye kioo akanyoosha mkono akifungue, nikampiga kikofi juu ya vidole kama nilivyokuwa nikiwapiga wale waliofunua sufuria zangu. Akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka darubini ikatikisika, na ikabidi tuutafute mwezi upya.